Kuhamia Flati Isiolo: Unalipia Ghorofa ama Unalipia Maji?

Kama umeshuka Isiolo majuzi kwa wera mpya, ama umezaliwa hapa hapa na umechoka kulala sitting room kwa mathee, najua swali lenye linakusumbua. Ploti ama flati?

Ploti unaijua. Vyumba vimepangwa mstari, mlango unaangaliana na mlango, bomba ni moja, choo iko kule nyuma na ina foleni asubuhi. Flati ni ile ghorofa ya geti kubwa, choo ndani, keateka anakuuliza unaenda kwa nani hata kama alikuona jana. Zamani hili swali halikuwa na uzito sana huku kwetu kwa sababu flati zenyewe zilikuwa chache. Siku hizi ukitoka barabara kubwa ukaingia Bula Pesa, Wabera ama upande wa Kiwanjani, kila ukikata kona kuna mjengo, mchanga umemwagwa njiani na fundi anakupigia miluzi usipite chini.

Wacha niseme msimamo wangu mapema usije ukadai nilikuzungusha. Flati Isiolo ni poa, lakini kwa sababu moja kubwa kuliko zote, na hiyo sababu si taili zinazong'aa wala dirisha la kuteleza. Ni maji. Flati yenye haina maji ya kueleweka hapa kwetu ni ploti iliyopandishwa ngazi, na wewe ndio unalipia hizo ngazi kila mwezi.

Kwanza tujue hizi ghorofa zilitoka wapi, maana hiyo ndio inaeleza mbona renti iko vile iko.

Machi 2012, Kibaki alienda Lamu pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini wakazindua LAPSSET. Bandari, barabara, reli, bomba la mafuta, yaani kila kitu. Isiolo ikaambiwa itakuwa njia panda ya huo mradi wote, na juu ya hiyo itajengewa mji wa kitalii pale Kipsing Gap. Ukitaka kujua vile mtu anaweza kulala maskini akaamka na ploti ya dhahabu, uliza wazee wa hapa. Watu walianza kununua ardhi kutoka Nairobi bila hata kuiona. Mwaka uliofuata ugatuzi ukaingia, kaunti ikaanza kuandika watu, maofisa wakahitaji mahali pa kulala. Lami ya kwenda Moyale ikamalizika. 2017 uwanja wa ndege wa kimataifa ukafunguliwa rasmi. Mtu akiangalia hiyo picha yote, anachukua mkopo anajenga flati.

Sasa, mji wa kitalii wa Kipsing bado ni michoro. Reli haijafika. Ule uwanja wa ndege wasee wengi wa hapa wanaujua kama mahali pa kupita ukienda kwingine, si mahali pa kupanda ndege. Lakini mkopo wa benki haungojei reli. Landi alijenga akitarajia mgeni wa mafuta na mtalii, akapata mwalimu, nesi, karani wa kaunti, familia ya mwanajeshi, mfanyabiashara wa pale soko na vijana wa mashirika. Na renti aliipiga hesabu na yule mgeni wa kwanza akilini. Ndio maana ukiambiwa bei ya chumba kimoja cha kulala hapa unashangaa mbona inakaribia ya mitaa fulani ya Nairobi, na huku hakuna Nairobi.

Haya, tupige hesabu. Mimi niliacha koleji kabla nimalize kwa hivyo usinitarajie nikuchoree grafu, lakini kujumlisha najua. Namba ni za mfano, toa uweke zako.

Sema ploti ni 4,000 na flati ni 10,000. Kuingia ploti unatoa renti 4,000, dipositi 4,000, na mkokoteni 500. Ukiwa na 8,500 umelala kwako. Kuingia flati unatoa renti 10,000, dipositi 10,000, dipositi ya maji na stima tuseme 2,500, na pikapu ya kubeba vitu 2,000 kwa sababu mtu wa mkokoteni hapandi ghorofa ya tatu na kabati yako. Hiyo ni 24,500. Yaani kabla hujalala hata siku moja, flati imekushinda na 16,000. Halafu kila mwezi 6,000 zaidi. Kwa mwaka ni 72,000. Hiyo ni pesa ya kuanzisha kitu, usiichukulie kimchezo.

Lakini hiyo hesabu iko na shimo, na shimo ni maji.

Isiolo ni mahali pakavu. Maji ya mji yanatoka IWASCO, na mito yetu inategemea Mlima Kenya kule juu, ambako kuna mashamba mengi yanakunywa kabla yetu. Halafu kuna visima, vingine vina chumvi ya kufanya chai ikatae sukari. Tulitoka kwa ule ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini yote, na kama ulikuwa hapa hujasahau bei ya mtungi ilivyokuwa ikicheza. Hata mwaka mzuri, maji ya bomba ni ya zamu. Leo upande wenu, kesho upande wetu, kesho kutwa hakuna upande.

Sasa weka hiyo kwa hesabu. Nyumba ya watu wanne inatumia tuseme mitungi sita ya lita 20 kwa siku: kupika, kuoga, choo, nguo, na kama ni nyumba ya Waislamu weka na udhu mara tano. Mtungi ukiwa 20 bob, hiyo ni 120 kwa siku. Bomba likikauka nusu ya mwezi, umetoa 1,800. Ile ploti yako ya 4,000 sasa ni 5,800.

Flati yenye kisima chake na tangi kubwa, maji ndani ya renti: inabaki 10,000. Tofauti imeshuka hadi 4,200, na hiyo 4,200 imekununulia choo chako, geti, na kutoamka saa kumi usiku kupanga foleni na mitungi. Kwa wengi hiyo ni dili.

Flati yenye inategemea bomba la mji pekee: bomba likikauka, mtu wa punda anafika getini, lakini punda hapandi ngazi. Anaongeza 10 bob kwa kila mtungi juu ya ghorofa. Mitungi sita kwa 30 bob kwa siku 15 ni 2,700. Sasa flati yako ni 12,700, na tofauti na ploti imekuwa 6,900. Umelipa zaidi ya vile ulikuwa ukiogopa, na bado unaoga kwa karai.

Unaona sasa? Ile flati moja na ile ingine zinaweza kuwa zinaangaliana, rangi sawa, renti sawa, na moja ni akili na ingine ni ngori. Na kwa tangazo zote zimeandikwa "maji 24/7". Hiyo maneno usiisome hata. Enda uone nyumba saa nane mchana, siku ya kawaida ya wiki, si Jumapili asubuhi. Fungua bomba la jikoni na la bafu pamoja. Usifungue ya chini, fungua ya hiyo nyumba utakayokaa, kwa sababu ghorofa ya juu ndio ya kwanza kukauka presha ikishuka. Uliza tangi ni la lita ngapi na linagawanywa na nyumba ngapi. Tangi la lita 10,000 kwa nyumba 20 ni lita 500 kila nyumba, na kwa ile matumizi tumesema ya lita 120 kwa siku, hiyo ni siku nne na kidogo. Zamu ya maji ikichukua wiki, umejua mapema.

Na mkiongelea ghorofa, joto pia ni kitu. Huku si Limuru. Nyumba ya juu kabisa chini ya mabati inapika mtu kuanzia saa sita, na usiku zege bado inatoa joto ya mchana. Nyumba ya chini inapata vumbi yote ya upepo wetu, mbu, na kila mtu anayepita anajua umepika nini. Ukiniuliza mimi, katikati ndio fiti, upande ambao jua la jioni halichomi ukuta wa chumba cha kulala. Kama renti ya katikati na ya juu ni sawa, na mara nyingi ni sawa, mbona uchukue ya juu? Ati view. View ya nini, bro, mlima utauona ukienda duka.

Kitu yenye haingii kwa hesabu ya pesa ni choo, na hapa naongea na madem hasa, na wababa wenye mabinti. Ploti nyingi choo iko nje, inatumika na nyumba kumi, na taa yake ni ile ya simu yako. Msichana wa miaka kumi na tatu kutoka nje saa tano usiku si jambo dogo. Wamama wengi wa hapa nimewasikia wakisema walihamia flati kwa sababu hiyo peke yake. Hawakutaja taili wala waifai. Ukitaka kupima tofauti ya 4,200 kwa mwezi ni ghali ama ni rahisi, muulize mama wa aina hiyo, usiniulize mimi mvulana wa bedsita.

Lakini flati inakunyima vitu pia, na vitu vyenyewe ni vya maisha ya Isiolo kabisa. Hapa nyumba haina idadi ya watu, ina idadi ya godoro. Binamu anatoka Merti kuja hospitali ya rufaa, anakaa wiki mbili. Mpwa anatoka Garbatulla kuja shule. Shangazi anapita akienda Nairobi, anakuja na mzigo wa maziwa ya ngamia na anataka jiko la makaa kufukiza kibuyu. Kwa ploti, mkeka unatandikwa nje, mambo yanaendelea. Kwa flati, keateka anahesabu vichwa. Kuna landi anaongeza maji kwa kila mgeni anayelala zaidi ya siku tatu. Jiko la makaa ni marufuku, na hiyo kusema ukweli wako sawa, moshi wa makaa kwa nyumba iliyofungwa unaua mtu akiwa usingizini. Mbuzi wa Idd utamchinjia wapi, kwa parking? Kuku pia hakuna. Nguo unaanika kwa kamba ya juu na ukichelewa kuzitoa unapata zimesogezwa na jirani ambaye hutajua ni nani.

Hiyo ya kutojua jirani ndio inanipeleka kwa kitu naona hakizungumzwi vya kutosha.

Huu mji mitaa yake mingi ilikaliwa kwa kabila. Unajua vizuri wapi ni kwa Waborana, wapi kwa Waturkana, wapi kwa Wasomali, wapi kwa Wameru, na Wasamburu wako upande gani. Dereva wa nduthi ukimwambia mtaa, ameshakisia jina lako la pili. Na mapigano ya 2011 kuingia 2012 yaliposhika, watu walikimbilia kwao, wengine wakaacha nyumba zikateketea. Mtaa wa kabila lako ulikuwa ndio usalama wako, na pia ndio ulikuwa anwani ya kukutafuta.

Flati haina kabila. Landi anataka renti, hajali unaongea nini ukiwa ndani. Ghorofa moja utapata mwalimu kutoka Kisii, Msomali wa duka la nguo, Mborana wa ofisi ya kaunti, Mturkana wa shirika na Mmeru anayeuza miraa, na watoto wao wote wanacheza kwa ngazi moja wakiongea Sheng ya Isiolo. Sijaona mradi wa amani wenye vitambulisho vya shingoni umefanya hiyo kazi haraka hivyo. Kwangu hiyo ndio faida kubwa ya pili baada ya maji, na hakuna anayeilipia.

Upande wa pili wa hiyo sarafu ni huu: kwa ploti, ukiugua, mlango wa pili unasikia unakohoa. Kwa flati unaweza kukaa siku tatu na homa na keateka akafikiri umesafiri. Ukikosa unga, kwa ploti unagonga. Kwa flati unagongea nani, na kila mlango uko na chuma? Familia ikiwa ocha na wewe ni mgeni mjini, fikiria hiyo kabla uchukue nyumba ya peke yako. Ama angalau jua jina la mtu wa mlango wa mbele, si namba ya nyumba yake, jina lake.

Tuje kwa sheria sasa, na hapa tafadhali usiruke, kwa sababu ndipo wasee wanachomeka.

Kenya tuko na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296. Chini yake kuna baraza ambalo landi lazima apitie kabla akupandishie renti ama akutoe. Tamu, si ndio? Shida ni kwamba sheria hiyo inalinda nyumba yenye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango kiliwekwa enzi za Moi na kikaachwa hapo. Yaani kama unalipa 2,500 kushuka, uko na ngao. Ukilipa 2,501, ngao imekuacha. Hakuna flati Isiolo utapata kwa 2,500, labda ulale kwa ngazi. Kwa hivyo ukihama kutoka ploti ya bei ya chini kwenda flati, umeongeza renti na wakati huo huo umeacha ulinzi nyuma, na hakuna mtu alikuambia wakati ulikuwa unabeba kabati. Mswada wa kubadilisha mambo haya uliletwa bungeni 2021, ukakwama huko.

Hujabaki uchi kabisa lakini. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kama mnalipana kwa mwezi na hamkuandikiana muda wala notisi, basi notisi ni isiyopungua mwezi mmoja, kwako na kwake pia. Landi kukuambia "nataka nyumba kesho kutwa" haina msingi. Vile vile kukuchukulia TV kwa sababu una deni la renti si kazi yake wala ya keateka. Kuna sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi na inataka dalali mwenye leseni. Na dipositi yako ikishikiliwa bila sababu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai ya pesa hadi milioni moja, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Lakini mahakama inataka ushahidi, na hapo ndio Isiolo tunajiangusha. Huku bado tuna heshima ya mdomo. Mwenye nyumba ni Haji, amesoma na baba yako, unaanzaje kumwambia akuandikie karatasi? Utaonekana humwamini. Kwa hivyo mtu anampa 20,000 mkononi, anapewa funguo na dua, na hiyo ndio mkataba. Haji mwenyewe anaweza kuwa mtu safi. Lakini Haji akizeeka, nyumba zinaingia mikononi mwa vijana wake, na kijana hana habari ya dipositi yako. Njia ya kistaarabu iko: mwambie, "Haji, ofisi yangu inataka karatasi ya nyumba." Haimvunji heshima, na hata kama huna ofisi, karatasi unapata. Dipositi na renti zote zipitie M-Pesa, siku zote, hata kama anaishi chini yako. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila sinki, kila kitasa, umtumie kwa WhatsApp siku hiyo hiyo. Niliwahi kukatwa 3,500 ya rangi kwa keja ambayo niliikuta na ramani ya Afrika ukutani. Jina la mwenye nyumba sitalitaja, ananijua.

Na kuna hii ya ardhi, ambayo ni ya Isiolo zaidi kuliko ya Nairobi. Ploti nyingi mjini hapa hazina hati miliki. Zinashikiliwa na barua za kugawiwa, na hizo barua zingine zimetolewa mara mbili kwa ploti moja. Uliza watu waliohamishwa kupisha uwanja wa ndege, wakujuze vile mtu anaweza kuonyeshwa ploti akafika akapata mwingine ameshachimba msingi. Wewe mpangaji unaona haikuhusu. Inakuhusu siku ile watu wawili wanatuma meseji ya renti mwezi mmoja, kila mmoja na namba yake. Kabla ulipe dipositi, kaa duka la karibu, nunua soda, uliza kwa upole hii nyumba ni ya nani. Mwenye duka akinyamaza kidogo kabla ajibu, nunua soda ya pili.

Mjengo wenyewe pia uangalie. Aprili 2016 ghorofa iliporomoka Huruma, Nairobi, mvua ikinyesha, na watu karibu 50 wakafa. Sisi hapa tunajiambia hiyo ni Nairobi, zetu ni fupi. Lakini zetu zinajengwa haraka pia, na mengi yanajengwa na maji ambayo tumeshakubaliana ni haba na mengine yana chumvi, na zege inapenda maji safi na kumwagiliwa siku nyingi. Nyufa nyembamba kwa plasta si kitu. Ufa unaopita kona ya dirisha kwenda chini, ambao unaweza kuingiza sarafu, hiyo si ya kuongezea renti, hiyo ni ya kuondoka. Nyumba mpya kabisa, uliza kama ilikuwa na ule ubao wa NCA nje wakati wa kujengwa. Watu wa mtaa wanakumbuka.

Kitu kingine ni pesa yako inaingia vipi. Wapangaji wengi wa flati hapa wanaishi kwa mshahara wa kaunti ama wa shirika. Kaunti zote nchini tunajua hadithi, pesa za Hazina zikichelewa mshahara unachelewa, na tarehe tano ya landi haichelewi. Mashirika nayo, Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi kaskazini waliokuwa na kazi Desemba hawakuwa nayo kufikia Machi. Msee wa mshahara wa 50,000 akachukua flati ya 18,000 kwa sababu kandarasi ni ya mwaka, sasa kandarasi imekatika na dipositi ya kuhamia kwingine hana. Kama kipato chako ni cha mradi, chukua nyumba unayoweza kulipa miezi mitatu bila kazi. Hapo ploti haina aibu yoyote, wacha watu waseme.

Na wakati huo huo kwa payslip unakatwa ile asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, ambayo kwa mshahara wa 50,000 ni 750 kila mwezi, 9,000 kwa mwaka. Unajenga nyumba mahali na unapanga nyumba mahali pengine. Mimi sina la kuongeza hapo.

Kwa hivyo nani aende flati? Mwenye watoto, hasa wasichana, aende, lakini kwa ile yenye kisima tu. Mgeni wa mji mwenye mshahara wa kudumu na hana ndugu hapa, aende, geti litamsaidia na majirani wa kila kabila watamfundisha mji. Kijana wa hasola anayetaka kuweka akiba ya kitu chake, abaki ploti mwaka mmoja ama miwili, ile 72,000 tulihesabu inamngoja. Na mwenye jamaa kubwa ya kutoka Merti, Kinna na Oldonyiro, ambaye mlango wake haufungwi, flati itamletea vita na keateka kila wiki. Huyo atafute nyumba ya kujitegemea yenye uwanja, hata kama ni ya mabati kule Mwangaza.

Kama bado unalipa 2,500 ama chini na landi amekuambia inapanda kuanzia mwezi ujao, usipakie vitu kwanza. Tafuta risiti zako ama meseji za M-Pesa za miezi iliyopita, uone jina lililoandikwa na kiasi, kisha umuulize kwa adabu kama amepitia kwa baraza.